Maswali ya wasomaji: Bodi ina vitundu, na shaba nyingine haitoki

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi natengeneza sakiti bodi mwenyewe kwa njia ya picha, zile bodi za shaba zinazokuja zimeshapakwa dawa ya kushika mwanga, aina ya pozitivu, yaani palipopigwa mwanga dawa inatoka ukiosha. Nachapa mchoro kwa printa ya leza kwenye plastiki inayopitisha mwanga, naulaza juu ya bodi, taa ya UV dakika tano, kostiki soda ya kuoshea dawa, alafu feriki kloraidi ya kula shaba. Sasa hii ya juzi njia za shaba zimeliwa pembeni na zina vitundu vitundu, alafu sehemu nyingine shaba imegoma kutoka hata nikiiacha lisaa. Feriki nimeshabadilisha, bado. Au nauziwa feki?

JIBU: Salama ndugu yangu. Feriki unaionea bure tu, bodi yako iliharibika kabla haijafika huko.

Tuanze na vitundu. Shika hiyo plastiki uielekeze kwenye taa uangalie, ukiona vidoto vya mwanga ndani ya weusi basi ndo hivyo hivyo unavyoviona kwenye shaba, maana tona, ule wino wa unga wa printa ya leza, mara nyingi haizibi vizuri. Chapa nakala mbili, zipandanishe zilingane kabisa, uzibane kwa tepu. Na upande wenye tona ndo uguse bodi, sio upande wa plastiki tupu, watu wengi sana wanasahau hapa, mwanga unapenya kwa pembeni chini ya mchoro na njia nyembamba zinakonda. Kwa hiyo mchoro uuchape umegeuzwa kama kwenye kioo, alafu juu weka kioo kizito kibane bodi nzima.

Shaba iliyogoma ni kwamba juu yake bado kuna dawa, utando mwembamba hata kwa macho huuoni. Mwanga haukutosha au haukufika sawa kote. Hizo dakika tano nani alikupa? Kila taa ina muda wake, na ukiisogeza karibu au mbali muda unabadilika, kwa hiyo chukua kipande cha bodi, weka mchoro wenye njia nyembamba, funika chote kwa kadibodi uache ukanda mmoja tu, kila dakika moja ifungue ukanda mwingine, ukimaliza osha kwenye kostiki uone ukanda upi njia zimebaki nzima na katikati pamesafika. Muda wa huo ukanda uandike kwenye taa yenyewe kwa maka peni.

Kostiki weka gramu 7 hadi 10 kwa lita moja ya maji ya kawaida, upime kwa mizani, habari za kijiko hapana, ikizidi dawa yote inatoka na njia zako zinaondoka nayo. Mimina kostiki kwenye maji na sio maji kwenye kostiki, vaa glavu na miwani. Kabla ya kuizamisha bodi kwenye feriki moja kwa moja, ichovye humo sekunde chache tu uisuuze: shaba iliyo wazi inapoteza mng'ao, ila pale penye utando inabaki inang'aa vile vile, hapo irudishe kwenye kostiki kidogo. Feriki yenyewe ipashe nyuzi 40 hadi 50 na chombo ukitikise tikise, maana ikiwa baridi kazi inachelewa na huku njia zinaendelea kuliwa kwa ubavuni.

SWALI: Ile filamu ya bluu ya kubandika juu ya shaba badala ya dawa je, utaratibu ni ule ule?

JIBU: Hapana, ile ni negativu, palipopigwa mwanga ndo panabaki, kwa hiyo kwenye mchoro njia ziwe wazi na pengine pote pawe peusi. Kuoshea tumia sodiamu kaboneti, kama gramu 10 kwa lita. Kostiki kwa filamu hii ni ya kuibandua mwishoni, ukiitumia mwanzoni filamu yote inabanduka.

SWALI: Feriki iliyochoka naweza kumwaga sinki?

JIBU: Usithubutu. Ina shaba iliyoyeyuka ambayo ni sumu kwa samaki, na bomba la chuma italila. Itie kwenye chupa ya plastiki, andika ni nini, ipeleke wanakopokea taka za kemikali.