Wiki za mimba: shika tarehe ya picha ya kwanza

Kadi ya kliniki inasema wiki 8, altrasaundi inasema 7. Hapo mama anaanza kuwaza: mtoto amedumaa, au mashine mbovu? Mara nyingi si hili wala lile. Kadi hupata tarehe ya kujifungua kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ikichukulia yai lilipevuka siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hupevuka karibu siku ya 21, kwa hiyo kadi imeshamwongezea wiki nzima. Aliyeshika mimba akinyonyesha, au ametoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango, tarehe yake ni ya kubahatisha.

Kabla ya wiki 14 altrasaundi hupima urefu wa mtoto toka utosini hadi makalioni, miguu haimo. Wiki ya 7 ni kama milimita 10, ya 9 kama 23, ya 12 kama 54. Katika umri huo watoto hukua karibu kwa mwendo mmoja, mama awe mrefu au mfupi, ndiyo maana kipimo hukosea siku chache tu. Mtoto akijikunja, namba hushuka, hivyo mpimaji makini hupima zaidi ya mara moja.

Tuseme hedhi ilianza 3 Machi; kwenye kadi tarehe ya kujifungua itaandikwa 8 Desemba. Tarehe 28 Aprili ni wiki 8 kamili, lakini picha inasoma 7. Kabla ya wiki 9, tofauti ikizidi siku 5 fuata picha: 15 Desemba. Toka wiki 9 hadi kabla ya 14, mpaka ni siku 7.

Ikishapangwa hivyo, isiguswe. Picha ya wiki 32 ikisoma 29, wapo watakaotaka kusogeza tarehe mbele. Kataa. Huenda mtoto hakui vizuri, na tarehe mpya itamficha. Kwa hiyo ukishuka Moshi mjini toka Kibosho au Marangu kwa kipimo kingine, ripoti ya kwanza iwe imebanwa kwenye kadi, si kabatini.

Kuwahi mno nako kuna hofu zake. Wiki ya 5 huenda ukaonekana mfuko wa mimba tu. Mapigo ya moyo huanza kuonekana karibu wiki ya 6. Kwa kipimo cha ukeni, mtoto wa chini ya milimita 7 bila mapigo, au mfuko wa chini ya milimita 25 bila mtoto, hautoshi kuamua mimba imeharibika. Rudia baada ya siku 7 hadi 14. Ila ukipata maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au damu, usisubiri hata siku moja: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.