Ukoka wangu niliuharibu kwa kuumwagilia kila siku

Nilipopanda ukoka nyuma ya nyumba hapa Entebbe, nilikuwa na mpira wa maji na bidii ya mgeni. Kila jioni, dakika kumi. Ukastawi, wapita njia wakasifu, nami kichwa kikavimba. Kisha Januari ikaja na jua lake, maji ya bomba yakakatika siku 5, na ukoka ukageuka rangi ya mkeka mkuukuu. Nikaushika nivute kidogo, ukanyanyuka kama zulia. Mizizi haikufika hata urefu wa kidole.

Mzee mmoja wa Bombo aliyekuwa akinifyekea uwanja alicheka sana. "Mwanangu, unauletea chai kitandani kila siku. Uamke uende wapi?"

Alisema kweli. Maji yakiwa juujuu kila siku, mizizi haina sababu ya kushuka. Siku hizi namwagilia mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, mara mbili jua likizidi, lakini namwagilia kwelikweli: jerikani moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, sawa na mvua ya milimita 20. Udongo wetu mwekundu haunywi yote kwa mkupuo, kwa hiyo namwaga nusu, nangoja nusu saa, namalizia. Nafanya hivyo asubuhi, maana majani yanayolala na maji hupata ukungu.

Siku yenyewe sifuati kalenda. Nikikanyaga na alama ya mguu ikabaki, ukoka una kiu. Nachomeka pia bisibisi ndefu ardhini: ikigoma, pamekauka, ikizama bila shida, nauacha.

Ukoka mchanga ni habari nyingine. Huo hutambaa kwa mashina, na kila pingili hutoa mizizi pale tu inapogusa udongo wenye unyevu. Juu pakikauka na kuwa gamba, shina linakimbia hewani tu, halishiki, na uwanja unabaki na vipara. Basi wiki mbili tatu za mwanzo mwagilia kidogokidogo kila siku, halafu anza kurefusha nafasi. Mimi napanda mvua za Machi zikishakolea, au Septemba, mawingu yanisaidie kazi.

Kona ya chini, karibu na mtaro, tatizo lilikuwa kinyume. Maji yalituama, udongo ukakosa hewa, mizizi ikaoza, ndago ikajitwalia mahali. Niling'oa ndago mara tatu, mgongo ukaniuma bure, kwa sababu viazi vyake vidogo hubaki chini na kuchipua upya. Kilichonisaidia ni kuchimba mfereji mdogo wa kuondoa maji, kuinua udongo kidogo, na kutoboatoboa mahali palipogandamizwa na toroli. Msimu uliofuata ukoka ulirudi wenyewe kutoka pembeni, ndago ikabaki ya kung'oa moja moja.

Ukiona wako umekauka Februari, usikimbilie kununua mwingine. Fukua kidogo: mashina ya chini yakiwa meupe na magumu, ungojee mvua.

Chini ya mwembe nilishindwa. Pale shida ni kivuli, na ukoka hauna mapenzi na kivuli. Nimeweka mawe na benchi.