Wanaoanza Kujaribu Vigari Shirikishi: Msiifunge Taarifa kwa "Haijirudii"

Wadogo zangu mnaojaribu programu za vigari vya bustani za burudani, vile ambavyo wageni hupanda na kufyatulia shabaha bastola za mwanga ili wapate alama, wiki hii nimekuta tena taarifa za hitilafu zilizofungwa kwa neno moja tu, "haijirudii", yaani aliyeijaribu hakuiona tena, na waliozifunga wamekwenda zao kunywa kahawa wakiwa na dhamiri safi. Najua kwamba zamu ya usiku, baada ya wageni kuondoka na kabla ya mafundi kuanza ukaguzi wa alfajiri, haimhurumii mtu, lakini uchovu si kipimo cha ubora wa programu.

1. Jaribuni viti vyote kwa pamoja. Kosa hili nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Kigari chetu kilikuwa na viti vitatu, na kila bastola ilirusha miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, iliyobeba namba ya kiti chake, ili kipokezi kilicho kwenye shabaha kijue alama ni za nani. Skripti yangu, yaani programu ndogo ya kujaribu, ilifyatua bastola moja, ikasubiri, kisha ikafyatua nyingine, kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwa mtoto yeyote wa miaka saba. Yote yalipita. Tulipoanza kupokea wageni wa majaribio, mama mmoja aliyekuwa mwendeshaji wa zamu ya jioni aliandika kwamba bibi aliyeilaza bastola mapajani safari nzima ameshuka akiwa mshindi, huku wajukuu wake wamenuna. Nilicheka, nikairudia skripti yangu, nikaona kijani kitupu, yaani kila jaribio limepita, nikaifunga taarifa. Akaandika tena kuhusu familia nyingine. Nikaifunga tena, na safari hii nikaongeza kwamba huenda wageni hawakuelewa maelekezo. Sentensi hiyo inaniuma hadi leo, kwa kuwa yeye alikuwa akitazama nyuso za watu wakishuka, na mimi nilikuwa nikitazama skrini. Hatimaye aliniomba, kwa upole nisiostahili, niende na wenzangu wawili tukae kwenye kigari. Wawili walifyatua bila kupumzika, mimi nikakaa kiti cha bibi nimekunja mikono, nami nikashinda. Kwa namba za kompyuta, zenye 0 na 1 tu, kiti cha 1 kilitambulishwa kwa 01 na cha 2 kwa 10. Mapigo ya mwanga yalipopandana, kipokezi kiliona 11, yaani kiti cha 3. Tulizipa bastola zamu za milisekunde chache na kuongeza tarakimu za uhakiki, ili kipokezi kitambue namba iliyoharibika, kisha nikaenda kumwomba radhi yule mama, ambaye tayari alikuwa ameandika taarifa nyingine.

2. Mchezo usiwe na mamlaka juu ya mwendo. Katika Men in Black: Alien Attack, iliyofunguliwa Universal Studios Florida mwaka 2000, kigari huzungushwa kinapopigwa na wapinzani, kwa hiyo mwenye kujaribu mchezo wa namna hiyo athibitishe kwamba programu ya alama inaomba tu, na kidhibiti cha usalama ndicho kinachoamua. Zimeni seva ya alama, yaani kompyuta inayozihesabu, katikati ya safari: wageni wakose alama, wasikose kufika.

3. Mgeni hatazami mnakotaka atazame. Katika Buzz Lightyear's Space Ranger Spin, iliyofunguliwa Magic Kingdom, bustani ya Disney huko Florida, mwaka 1998, mgeni hukigeuza kigari mwenyewe, kwa hiyo pimeni shabaha kwa pembe zote.

4. Jaribuni uvivu. Millennium Falcon: Smugglers Run, mchezo wa Disney wa mwaka 2019 wa kuendesha chombo cha angani, ina wachezaji sita, yaani marubani wawili, wapiga mizinga wawili na wahandisi wawili, na mchezo wa namna hiyo lazima ufike mwisho hata kama rubani ameamua kulia badala ya kushika usukani. Mwenzetu mmoja aliyekabidhiwa jaribio la kutofanya chochote alisinzia kwelikweli, na mpaka sasa hilo ndilo jaribio letu lililoandikwa vizuri zaidi.

5. Kabla ya kuilaumu programu, futeni lenzi. Kitambaa kimo kwenye droo ya chini ya meza ya waendeshaji, na mkimaliza mkirudishe, kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa.