Usichukue kasi ya dakika kumi za kwanza

Simama hapo hapo! Umesema utapigilia kipande kimoja cha bomba ardhini, umwage maji, usome yameshuka kiasi gani kwa dakika kumi, kisha upige hesabu ya kumwagilia shamba zima. Namba hiyo itakudanganya, na pampu utakayoinunua kwa kuifuata itamwaga maji ambayo udongo hauwezi kuyameza.

Udongo mkavu hunyonya kama sifongo. Mwanzoni maji hayashuki kwa uzito wake tu, yanavutwa pia na vitundu vikavu. Vikishalowa, mvuto unaisha na kasi inaporomoka. Tuseme yameshuka milimita 30 kwa dakika 10: hiyo ni milimita 180 kwa saa. Saa mbili baadaye, pale pale, yanashuka milimita 5 kwa nusu saa, yaani 10 kwa saa. Ukipanga kwa 180, maji yatatuama, kisha yatatiririka na udongo wako wa juu. Inaniuma kwamba bado inazunguka miongozo ya ukurasa mmoja inayosema mimina, ngoja dakika kumi, andika. Niliifuata, ikanigharimu msimu mzima. Aliyeiandika hajawahi kukaa kando ya pete, yaani hicho kipande cha bomba, mpaka kasi ya maji itulie.

Pete ziwe mbili: ya ndani upana sentimita 30, ya nje 60. Kwa pete moja maji hukimbilia pembeni chini ya ukingo, nawe unayahesabu kana kwamba yameshuka wima. Weka ubao juu ya pete, gonga taratibu mpaka izame sentimita 5 hadi 10 bila kuinama. Ukiona upenyo kati ya chuma na udongo, ng'oa, hamia pengine. Tandika kitambaa kabla ya kumimina, la sivyo maji yatatibua tope laini likazibe vitundu. Kimo cha maji kiwe sawa ndani na nje muda wote, lakini unasoma ya ndani tu.

Andika kila dakika 5, baadaye kila 15, kisha kila 30. Vipimo vitatu mfululizo visipofanana, huna namba bado. Kichanga hutulia mapema. Udongo wa mfinyanzi waweza kukumalizia nusu siku, na ukiwa na nyufa, maji yatatumbukia humo kwanza mpaka udongo uvimbe uzifunge.

Udongo una maji kiasi gani sasa hivi? Chukua sampuli, pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 saa 24, pima tena. Kilichopungua ndicho maji. Ila pete kwanza, tena sehemu tatu za shamba, na kila moja uingoje itulie.