Mwisho wa risasi ni ngapi, na za marehemu mzee ufanyeje

Mkuu, pole sana kwa msiba. Swali lako nimelisoma mara mbili nisije nikajibu jingine. Mzee amefariki huko Sengerema, ameacha shotigani yenye leseni na kasha lenye risasi ambazo hata hamjazihesabu. Wewe uko Mwanza mjini, una shotigani yako ya namba 12 (namba ya upana wa mtutu) na leseni yako, na unataka kujua mwisho wa kisheria ni risasi ngapi, ili uone kama ukichanganya za mzee na zako utakuwa umevuka. Wachangiaji wameshakutajia namba tatu tofauti, mojawapo 200, kila mmoja na uhakika wake. Mimi nitakueleza yaliyonikuta Magu mzee wangu alipofariki, maana ni hayo hayo, na nusura niyaharibu.

Nianze na hiyo 200 inayorudiwa rudiwa. Naijua inakotoka. Iko kwenye sheria ya silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, kifungu cha 91: mwenye leseni asikae na risasi zaidi ya 200 kwa kila silaha aliyoandikishiwa. Wawindaji na walenga shabaha waliosajiliwa rasmi wana nafuu yao, na wale wanaojitengenezea risasi nyumbani wamewekewa mwisho wa vifataki 2,400 vya kuwashia baruti kwa kila silaha. Ni sheria nzuri ya nchi ya watu. Usiende nayo kwa OCD wako (mkuu wa polisi wa wilaya) ukasema "nimesoma mwisho ni 200". Marekani nako, sheria ya shirikisho haina kabisa mwisho wa idadi kwa raia wa kawaida, kwa hiyo yule anayetuletea video za jamaa wenye risasi stoo nzima kama mchele, atuambie na hilo.

Kinachokufaa zaidi ni namna Waingereza wanavyoandika vyeti vyao vya raifo na mfano wake. Cheti kinabeba namba mbili: kiasi unachoruhusiwa kununua, na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Watu wengi humu wanazichanganya hizo mbili. Unaweza kuwa na kibali halali cha kununua boksi moja, ukalinunua kwa risiti safi, ukafika nyumbani ukaliweka juu ya maboksi mawili ya zamani, na hapo hapo tatizo limeanza bila wewe kuvunja chochote dukani.

Kwetu, sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Na. 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Usiitafutie namba kwenye vijiwe. Toa kitabu chako cha leseni na kibali chako cha mwisho cha kununulia risasi, uvisome kama unavyosoma hati ya kiwanja. Kibali changu cha kwanza kiliandikwa risasi 25, ambalo ni boksi moja la shotigani. Za bastola kwa kawaida hukaa 50 kwenye boksi, za raifo 20. Muuzaji aliandika kwenye rejista yake jina langu, namba ya bunduki na idadi, akanigeuzia nisaini. Hiyo 25 ndiyo niliyokuwa najibu mbele ya polisi, hata kama jirani yangu ana zaidi.

Sasa ya Magu.

Mzee wangu alikuwa mfugaji. Bunduki aliiomba enzi fisi walipokuwa wanamaliza ndama, na baadaye wezi wa ng'ombe wakawa wabaya kuliko fisi. Usukumani tulikuwa na sungusungu na mishale yao, lakini mzee alisema mshale usiku ni kazi ya vijana. Ule uhakiki wa silaha wa 2016 alikwenda mwenyewe na bunduki imefungwa kwenye khanga ya mama, akahakikiwa. Kwa hiyo upande wa bunduki hatukuwa na wasiwasi.

Baada ya arobaini tukafungua kasha lake la bati lililokuwa uvunguni. Mle ndani kulikuwa na boksi moja zima la risasi nyekundu za namba 12, ishirini na tano. Chini yake, kwenye kopo la maziwa ya unga, nyingine 31 zimemwagwa tu. Baadhi zilikuwa za zamani za karatasi, zimevimba kwa unyevu (nyumba iko karibu na ziwa, kila kitu kinavimba, hata milango), na vitako vyake vya shaba vimeota kutu ya kijani. Katikati ya hizo kulikuwa na nne za njano, nyembamba kidogo kuliko nyingine. Na ndani ya soksi, ndiyo, soksi, risasi tatu ndefu za ncha kali, za raifo.

Tulikuwa wanaume watano chumbani na tulitoa mashauri matano ya kijinga. Baba mdogo alisema zitumbukizwe ziwani usiku, zimeishia hapo. Mdogo wangu akasema ziingie chooni. Shemeji alitaka tuzichome pamoja na godoro la marehemu. Hili la kuchoma naomba lisirudiwe popote: risasi ikipata moto nje ya bunduki haiendi mbali kama iliyofyatuliwa, lakini ganda linapasuka na vipande vyake vinaruka, na waliozunguka moto ni watoto. Shauri la nne lilikuwa kumwachia mama. La tano lilikuwa langu, na ndilo linalofanana na lako: mimi nina leseni ya namba 12, nizibebe kwenye buti la gari hadi Mwanza, zikakae na zangu.

Fikiria njia yenyewe. Kutoka Magu napita Nyanguge, napita Kisesa, naingia mjini. Nikisimamishwa barabarani nina risasi 59 ambazo hakuna karatasi yenye jina langu inayozitambua, tatu kati ya hizo haziingii kwenye bunduki yangu hata nikizipigilia kwa nyundo. Ningesema nini? Kwamba ni za marehemu? Marehemu hana leseni. Leseni ilikuwa ya mtu, na mtu huyo tulishamzika.

Watu wengi hudhani kuwa kosa la risasi ni faini ndogo kwa sababu hakuna bunduki. Mkuu, kupatikana na risasi bila leseni wala kibali kuna kifungu chake peke yake katika sheria ya 2015, hata kama bunduki haipo kabisa. Tena kesi hizo hupelekwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, yaani zinataka kibali cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kabla ya kusikilizwa, na wewe muda huo unasubiri. Nimewahi kumwona mtu wa huku ziwani akisubiri kwa ajili ya risasi mbili. Alisema aliziokota. Labda kweli aliziokota.

Aliyetuokoa ni mjomba, askari mgambo mstaafu, aliyefika jioni akakuta tumezipanga mkekani. Kabla ya salamu alisema, "Rudisheni kila kitu kilipokuwa, mfunge, ufunguo akae nao mmoja." Kisha akatufundisha kitu ambacho mimi, mwenye leseni miaka sita, nilikuwa sikijui. Zile nne za njano zilikuwa za namba 20. Kwenye shotigani namba ikipanda mtutu unapungua, kwa sababu namba inahesabu ni gololi ngapi za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu huo, zinatimiza ratili moja: kumi na mbili kubwa, au ishirini ndogo. Risasi ya namba 20 ukiitia kwenye bunduki ya namba 12 haigomi. Inateleza, inapita chemba (pale risasi inapokaa ikipakiwa), inakwama mbele mtutuni. Mtu anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kupakia, anatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasukia kwenye mkono wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vingi vinazipa za namba 20 rangi ya njano. Kopo la mzee lilikuwa limezichanganya zote, na mimi nilikuwa nataka kulimimina kwenye akiba yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, swali la "ngapi" ni la pili. La kwanza ni "za nani, na za bunduki gani".

Asubuhi yake kaka mkubwa alipiga simu kituoni, hatukubeba kitu. Akaenda na nakala ya cheti cha kifo, kitabu cha leseni cha mzee, na mwenyekiti wa kijiji. Askari wawili walikuja nyumbani, wakafungua kasha mbele yetu, wakahesabu aina kwa aina: 25, kisha 27 za kopo za namba 12, kisha 4 za njano, kisha 3. Wakaandika hati ya makabidhiano, tukasaini pande zote, bunduki na risasi zikaondoka. Nakala tuliomba wenyewe. Msiisahau nakala, maana bila hiyo baada ya miaka miwili utaulizwa bunduki ya mzee iko wapi na askari aliyeichukua ameshahamishwa.

Zile tatu za raifo zilitusumbua. Mama aliitwa, akahojiwa kwa upole, akasema ukweli: mgeni mmoja wa miaka ya nyuma alilala pale, aliacha begi, mzee akazitoa begini akaziweka kwenye soksi ili watoto wasizichezee. Walimwandika maelezo wakamwachia. Nadhani ilisaidia kwamba sisi ndio tuliopiga simu. Kama kungekuwa na jirani aliyetangulia kupiga, maelezo yale yale yangesikika vingine.

Kuna wanaosema usijisumbue, subiri Septemba wakitangaza kusalimisha silaha kwa hiari. Ni kweli Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, na nchi yetu imekuwa ikitangaza kipindi hicho. Lakini kile kimekusudiwa mtu mwenye kitu kisicho na karatasi. Mzee wako ana karatasi. Ukikaa na risasi zake hadi Septemba unageuza mali halali kuwa haramu kwa uvivu tu.

Kuhusu kurithi: inawezekana bunduki ikaja kwako, lakini inakuja kwa maombi mapya, kuanzia serikali ya mtaa na kamati za ulinzi na usalama kwenda juu, kama ulivyoomba ya kwanza. Kwetu mdogo wangu ndiye aliyeomba, kwa sababu ndiye aliyebaki na ng'ombe. Ilichukua muda mrefu. Risasi hakurudishiwa hata moja, na mjomba alisema afadhali. Zile za karatasi zilizovimba zingekuwa zinagoma kila ya tatu, na risasi iliyogoma si mzaha: unaelekeza mtutu pasipo na mtu, unasubiri nusu dakika au zaidi ndipo ufungue, kwa sababu baruti yenye unyevu huwaka kwa kuchelewa.

Niongeze na aibu yangu, maana nisijifanye mtaalamu. Mwaka uliofuata nilipeleka kitabu kulipia ada. Askari akaniuliza nina risasi ngapi nyumbani. Nikajibu haraka, "25 kama nilivyonunua." Akasema nizilete azione. Zilikuwa 22. Nilitoa jasho pale kaunta hadi nikakumbuka: nguruwe pori, shamba la Kisesa, usiku wa mvua, nilipiga tatu hewani na chini, maganda nikayaacha matopeni. Alinielewa, lakini alinitazama muda mrefu. Mimi ni mtu wa dagaa Mwaloni Kirumba, gunia moja likipungua nusu debe najua kabla ya jioni, halafu risasi tatu zimepotea sina habari! Tangu siku hiyo nina daftari dogo ndani ya sefu: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na maganda naokota. Limeshanisaidia mara mbili.

Sasa wewe kesho fanya hivi. Usivuke na kitu, iwe kwa kivuko cha Kamanga au kwa daraja la Kigongo na Busisi. Wewe nenda mikono mitupu. Kasha lifungwe, ufunguo ashike mama au kaka mkubwa, na watoto wahamie chumba kingine. Usizipange, usizisafishe, usizitenge "nzuri na mbaya". Nenda kituo cha Sengerema na cheti cha kifo na kitabu cha mzee, waje wao. Wakihesabu, hesabu nao kwa sauti. Kisha ukirudi Mwanza fungua sefu yako na uhesabu zako pia, ulinganishe na kibali. Ukikuta zimezidi au zimepungua, niandikie faragha kabla hujaenda kulipia ada.