Kabla hujalipia pete ya ndoa, ivae na ile ya uchumba

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia picha ya pete ya ndoa anayotaka kununua, nzuri kweli, akaniuliza dada unaionaje. Kabla sijamjibu nikamuuliza, na ile ya uchumba iko wapi, mbona haipo kwenye picha? Akanyamaza. Nikajua anaelekea kulekule nilikopita mimi.

Mimi pete ya ndoa niliinunua wiki mbili kabla ya harusi, nimechoka, mambo ni mengi, nikaiona kwenye simu, nyembamba, ina vialmasi vidogovidogo vimeizunguka yote, nikasema ndo hii hii. Ya uchumba ilikuwa ya dhahabu nyeupe, jiwe la duara limekaa chini karibu kabisa na kidole. Kila moja peke yake ilipendeza sana. Siku nazivaa pamoja zikakataa kukaa, maana kile kikombe kinachoshika jiwe kilichomoza kupita ukingo wa pete, ya ndoa ikija inagonga hapo, katikati panabaki mwanya unaoweza kupitisha ukucha. Nikajiambia si kitu, nani ataangalia.

Kama miezi nane baadae nimevua pete nioshe vyombo, nikaziweka dirishani kwenye mwanga, nikaona ubavu wa ile ya uchumba una vijino, yaani kama msumeno mdogo sana. Moyo ulinipasuka. Nikaipeleka kwa sonara, mzee mmoja mtaratibu, akaweka lenzi yake jichoni, akaigeuzageuza, akazilaza zote mbili mezani akaniambia, "Mwanangu, hii inaila hii." Ni vile vialmasi. Almasi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 10, hakuna madini ya asili yanayoizidi, na dhahabu safi iko kati ya 2.5 na 3 tu, hata ikichanganywa na metali nyingine ikawa ngumu kidogo bado haiwezi kushindana na jiwe linaloisugua mchana kutwa.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu chukua huu: nenda na pete ya uchumba kidoleni. Usiende na picha yake. Ivae na hiyo mpya kwenye kidole kilekile, halafu inua mkono usawa wa macho uangalie kwa ubavu, siyo kwa juu, kwa juu kila pete inapendeza. Angalia kama zinagusana vizuri au jiwe linaisukuma nyingine pembeni. Kama jiwe limeinuliwa juu, pete iliyonyooka itapita chini yake bila shida. Kama limekaa chini kama langu, utahitaji pete iliyopinda kidogo ifuate umbo la jiwe, na hiyo mara nyingi inabidi sonara akutengenezee kwa kupima pete yako mwenyewe, kwahiyo usisubiri wiki mbili za mwisho. Au unaacha mwanya makusudi, kuna watu wanaupenda na unapendeza pia, ila uwe umeuchagua wewe.

Vialmasi kwenye pete ya ndoa sikatazi, mi mwenyewe navipenda. Ila chagua vilivyozama ndani, pembeni pana ukuta wa dhahabu, ili kinachogusa pete nyingine kiwe dhahabu na siyo jiwe. Na vikizunguka duara zima jua kwamba kubadilisha saizi baadae ni shida kubwa, mara nyingi haiwezekani, na vidole vinanenepa jamani, ujauzito, uzito, umri. Pete ya tungsteni, ile metali ngumu sana, nayo ndo kabisa, haipanuliwi wala haipunguzwi.

Kuhusu madini, angalia muhuri ndani ya pete. 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Jitahidi zote mbili ziwe sawa, maana zikitofautiana na zinasuguana kila siku moja itachakaa kabla ya mwenzake, na hata rangi ya njano ya karati 18 imekolea kuliko ya 9, ukizibana pamoja inaonekana. Dhahabu nyeupe ina jambo lake: ule weupe wa kung'aa mara nyingi ni rodiamu, metali nyingine nyeupe, imepakwa juu, inafutika taratibu, chini inatoka rangi ya manjano hafifu, inabidi ipakwe tena. Ukiiweka pembeni ya platinamu, ambayo weupe wake ni wa asili, siku za mwanzo hutaona tofauti, baadae utaiona. Ukitaka kuchanganya rangi basi changanya waziwazi, njano na nyeupe, watu wajue umekusudia. Zinazokaribia kufanana ndo zinazoudhi macho.

Saizi: pete mbili zinabana kuliko moja hata kama kipimo ni kilekile, kwasababu zinashika sehemu kubwa ya kidole. Pima ukiwa umevaa zote, na usipime mikono ikiwa ya baridi, kidole kinasinyaa kwenye baridi na kuvimba kwenye joto.

Ya mwanaume wala usihangaike sana, si lazima ifanane na yako. Ya mume wangu ni njano tupu, milimita 5, haina hata alama, na anaipenda.

Yangu iliishaje? Sonara alijaza dhahabu pale palipolika, akanitengenezea ya ndoa nyingine, nyembamba, haina mawe, imepinda kidogo tu pale kati. Akaniuliza kama nataka aziunganishe ziwe kitu kimoja zisizunguke, nikakataa, kuna siku napenda kuvaa ya ndoa peke yake. Ile yenye vialmasi naivaa mkono wa kulia.

Mdogo wangu anarudi dukani Jumamosi. Nimemwambia avae zote mbili, akunje ngumi aachie, akunje aachie, ashike mkoba, apekue simu, akae nazo hata nusu saa kabla hajatoa hela.