Taa za AUTO kuwaka mchana na kubaki zikiwaka ukizima gari

Pole ndugu. Umesema taa za mbele zinajiwasha mchana kweupe, na ukizima injini zinabaki zikiwaka, unahofia betri. Hilo la pili lisikusumbue: gari linakumulikia njia ya kutokea. Shuka, funga milango, baada ya muda mfupi zitazimika zenyewe.

Hilo la mchana ndilo la kuchunguza. Angalia juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele: kwenye magari mengi kuna kidude cheusi cha mviringo, kama kifungo cha shati. Hicho ndicho kinachopima mwanga. Ukiweka karatasi au kitambaa juu yake, gari linadhani usiku umeingia. Jaribu kukifunika kwa kiganja gari likiwa limewashwa na swichi ya taa ipo AUTO (yaani taa zijiwashe zenyewe giza likiingia). Taa zikiwaka, basi ni kizima. Kifute vumbi tu.

Kuzima kabisa, zungusha ncha ya mkono wa taa ulio kando ya usukani kutoka AUTO hadi OFF. Magari mengine swichi iko kwenye dashibodi, na mengine hayana OFF kabisa.

Mimi ningeiacha AUTO, ila nakusihi sana: kwenye ukungu au mvua ya mchana usiitegemee. Kidude kinaona mwanga wa kutosha, kwa hiyo mara nyingi taa za nyuma hazijawaka, na anayekufuata hakuoni. Washa kwa mkono.